Johnny Clegg na Neno Moja la Kizulu

Mhariri alinitaka niandike habari za mtu mashuhuri wa Afrika. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya marais na maaskofu. Mimi nimechagua mwimbaji. Najua wako watakaosema kwamba mpiga gitaa si mtu wa kusomwa. Nawaomba wasubiri kidogo.

Johnny Clegg alizaliwa tarehe 7 Juni, 1953, katika mji mdogo wa Bacup, Uingereza. Baba yake alikuwa Mwingereza. Mama yake, mwimbaji wa jazi, alitoka Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wazazi waliachana mtoto akiwa bado mdogo sana, mama akarudi naye Afrika, na baada ya kuhamahama wakatua Johannesburg.

Alipokuwa na miaka 14 alimsikia Charlie Mzila, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi ya kusafisha nyumba za ghorofa, akipiga gitaa. Mzila hakukwaruza waya zote pamoja kama tufanyavyo sisi bwenini, bali alizidonoa moja moja, kidole gumba kikishika njia yake na vidole vingine vikishika njia yao. Wazulu huita upigaji huo ukupika. (Hapana jikoni hapa, neno walilichukua katika Kiingereza wakaligeuza.) Kijana akaomba afundishwe. Akafundishwa gitaa, kisha lugha, kisha ngoma ya vijana wa Kizulu, katika mabweni walimokaa wafanyakazi waliotoka mashamba ya mbali.

Nchi ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Sheria ya mwaka 1950 iligawanya mahali pa kukaa kwa rangi za watu, na Mzungu hakuwa na ruhusa ya kuingia tu katika mabweni yale. Johnny alikamatwa na polisi akiwa na miaka 15 hivi. Hakuiba, wala hakupigana. Alikuwa amekwenda kujifunza.

Hapo niliposoma nilifunga kitabu kwanza. Nilipoingia kidato cha kwanza tulikuwa na mwenzetu kutoka Kongo, nasi tulimcheka kwa sababu ya Kiswahili chake. Sisi tukisema "wako", yeye husema "beko". Hatukuwa na sheria ya kutuzuia kujifunza kwake, wala polisi mlangoni. Tulicheka tu, naye akawa mtu wa kunyamaza mpaka alipohama.

Basi nirudi kwenye habari. Kijana mmoja, Sipho Mchunu, mtunza bustani, alisikia kwamba yuko Mzungu apigaye gitaa la Kizulu. Akaenda kumtafuta ili washindane. Mashindano yakageuka urafiki, na urafiki ukazaa bendi ya Juluka, maana yake jasho, nalo lilikuwa jina la fahali wa Sipho. Sahani yao kubwa ya kwanza, Universal Men, ilitoka mwaka 1979. Humo roki ya Wazungu na gitaa la Wazulu vimesukwa pamoja. Redio ya serikali ilitaka kila lugha ikae peke yake, kwa hiyo nyimbo zenye lugha mbili zilipata taabu kusikika. Maonyesho yao mara nyingine yalivunjwa na polisi. Wakati huo Johnny alikuwa pia mwalimu wa elimu ya jamii na mila za watu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Mwaka 1985 Sipho alirudi kwao kulima na kufuga. Mwaka uliofuata Johnny akaanzisha bendi nyingine, Savuka, yaani tuliamka. Na mwaka 1987 wakatoa wimbo uitwao Asimbonanga.

Neno hili tuliligawanya ubaoni na mwalimu wetu. Herufi a ya kwanza ni ya kukana, kama ha yetu. Si ni sisi, mahali pa tu. M ni m yetu ile ile ya mtendewa. Bon ni mzizi wa kuona. Kiswahili kimeiangusha b. Anga ya mwisho hukamilisha kukana kwa wakati uliopita. Basi: hatukumwona. Wenzetu Wanyarwanda walituambia kwamba kwao kuona ni kubona mpaka leo. Tena watu kwa Kizulu ni abantu, na hapo nilimkumbuka yule wa Kongo: b ile tuliyoicheka ni ya kale kuliko w yetu.

Asiyeonekana ni Nelson Mandela, mfungwa tangu 1962, ambaye picha yake haikuruhusiwa kuchapwa. Wimbo unawataja pia Steve Biko, aliyekufa mikononi mwa polisi mwaka 1977. Dakta Neil Aggett, aliyekufa kizuizini mwaka 1982. Na Victoria Mxenge, mwanasheria aliyeuawa mwaka 1985.

Sasa jambo lililotugombanisha katika mdahalo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende kupiga muziki Afrika Kusini, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kilimfukuza Johnny kwa kuwa alipiga huko. Upande mmoja ulisema sheria ni sheria, ukianza kusamehe mmoja ukuta wote utaanguka. Mimi nilisema ususiaji ulikuwa wa haki, lakini uliwekwa kwa wageni waliofuata fedha. Huyu alikuwa nyumbani, na waliomsikiliza ndio waliokuwa wakionewa. Tulishindwa kwa kura nne. Sijabadili mawazo yangu.

Mwaka 1992 mchezaji wake wa ngoma, Dudu Zulu, aliuawa katika ugomvi wa teksi. Bendi haikudumu baada ya hapo.

Mwaka 1999 Johnny alikuwa Frankfurt, Ujerumani, akiimba Asimbonanga, watu wakaanza kupiga kelele nyuma ya wimbo. Hakujua sababu. Alipogeuka alimwona Mandela mwenyewe jukwaani, akicheza polepole. Mzee akawasemesha watu, akalalamika kwamba walio nyuma hawachezi, na wimbo ukapigwa tena.

Johnny Clegg alifariki Johannesburg tarehe 16 Julai, 2019, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 66. Nimejaribu kupiga ukupika kwa miezi mitatu sasa. Kidole gumba kimekubali, vidole vingine bado.