Kisukari cha Utotoni na Faraja ya Familia

Mzazi anapoelezwa kwamba mtoto wake ana kisukari cha aina ya kwanza, aghalabu swali lake la kwanza halihusu tiba. Huuliza: "Tumekosea wapi?" Mama hukumbuka chai yenye sukari nyingi, baba hukumbuka peremende alizonunua, na jirani huongeza neno lake juu ya husuda. Majonzi hayo nayo yahitaji tiba, na tiba hiyo huanzia katika kuuelewa ugonjwa wenyewe.

Chanzo cha ugonjwa

Nyuma ya mfuko wa tumbo kuna tezi iitwayo kongosho. Ndani yake mna chembe hai zinazotengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari ya damu kuingia katika misuli ili itumike kuupa mwili nguvu. Katika kisukari cha aina hii, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzishambulia chembe hizo na kuziharibu. Ugonjwa huu hauletwi na peremende, hauambukizwi, wala si adhabu ya kosa la mzazi.

Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, alidungwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo watoto wa namna yake hawakuwa na tumaini. Hata leo, mtoto akiachishwa insulini ili ajaribiwe dawa nyingine, damu yake hujaa asidi, naye huweza kufa katika siku chache.

Kazi isiyo na likizo

Kila siku familia hupima sukari, hukadiria chakula, na hudunga sindano kadhaa. Pasipo jokofu, insulini huwekwa katika mtungi wa udongo, ambao hupoa kwa sababu maji yanayopenya kuta zake hugeuka mvuke na kuchukua joto. Usiku mama huamka mara kwa mara, akihofu kwamba sukari itashuka mtoto akiwa usingizini. Ndugu zake nao huweza kujiona wamesahauliwa.

Mzigo huo hupungua ukigawanywa. Baba, shangazi na bibi wakifundishwa kupima na kudunga, mama hupata usingizi. Familia zinazokutana siku ya kliniki hufarijiana kwa namna ambayo daktari peke yake hawezi, kwa kuwa kila moja inaijua njia hiyo kwa miguu yake.

Tarakimu si hukumu

Mtoto akigombezwa kila sukari inapopanda, hujifunza kuficha. Kesho atataja tarakimu ya uongo, na kipimo cha dawa kitafuata uongo huo. Hapo ukali wa mzazi, ingawa umetokana na mapenzi, huwa hatari kwa uhai. Yafaa aambiwe: "Imepanda, sasa tufanye nini?" Hasa kijana anayebalehe, aliyechoshwa na sindano, huhitaji kusikilizwa kabla ya kuonywa.

Wajibu wa shule

Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mwanafunzi huweza kutetemeka, kutokwa jasho, au kujibu ovyo. Asidhaniwe kuwa mtundu. Apewe upesi vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia, asitiwe chochote mdomoni, awahishwe hospitali. Aruhusiwe pia kula na kwenda msalani wakati wa kipindi. Mzazi anayejua kwamba mwalimu anayafahamu haya huenda shambani au kazini akiwa na moyo mtulivu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini insulini haiachwi hata mgonjwa anapojisikia vizuri?
2. Elezeni jinsi mtungi wa udongo unavyopoza kilichomo ndani yake.
3. Mwenzenu akirudi darasani baada ya kugunduliwa kuwa na kisukari, mtamwambia nini, na mtajiepusha na maneno gani?