Wafadhili Wengi, Halmashauri Moja: Maswali na Majibu

Wanaouliza ugatuaji ni nini wasome Ibara ya 145 na 146 ya Katiba ya Tanzania. Hapa nimechagua barua zinazonikera, na chache zinazonitia wasiwasi.

Ni kweli ugatuaji ni ajenda ya wazungu?

Si kweli. Serikali za mitaa tulizifuta wenyewe mwaka 1972, tukazirudisha wenyewe kwa sheria za 1982, zikaanza kazi tena 1984. Programu ya maboresho iliyochangiwa na wafadhili ilikuja baadaye.

Halmashauri inakula fedha. Kwa nini mfadhili asizipeleke kijijini moja kwa moja?

Barua za aina hii ni nyingi, nimezifunga pamoja. Wanaoziandika hudhani wanamtetea mwananchi.

Chukua zahanati. Shirika linakaa na serikali ya kijiji, linajenga, utepe unakatwa, kibao chenye nembo kinasimama barabarani. Kesho yake anatakiwa mganga, muuguzi, dawa, maji na mlinzi. Nani atawaleta? Watumishi hupangwa kwa ikama, na maombi ya ikama hupita kwenye bajeti ya halmashauri, inayoandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Jengo lisilokuwamo kwenye mpango halina kifungu cha kulihudumia, hata mkurugenzi akiwa na moyo mwema. Popo wanahamia. Kisha inayolaumiwa ni halmashauri ile ile ambayo haikuulizwa.

Na wizi? Upo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinauanika. Lakini dawa yake ni ukaguzi. Fedha iliyopita halmashauri inakaguliwa na CAG, madiwani wanaihoji, na mwananchi ana haki ya kudai isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Iliyopita pembeni, mwanakijiji ataiulizia wapi?

Kuna wanaonitupia mfano wa Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingiza fedha kwenye akaunti ya kituo chenyewe. Msichanganye mambo. Kituo hicho kina mpango, mpango huo umo ndani ya mpango wa afya wa halmashauri, na fedha inaonekana kwenye mifumo ya serikali. Imefupishiwa njia, haijafichwa.

Hata kuibana halmashauri mbovu kunawezekana bila kuiruka. Ruzuku ya maendeleo iliyoanza 2004/05 iligawanywa kwa kuangalia idadi ya watu, ukubwa wa eneo na umaskini, lakini kwanza halmashauri ilipimwa: hesabu zimefungwa kwa wakati? Mkaguzi wa ndani yupo? Iliyoshindwa ilikosa fedha za miradi, ikabaki na za kujijengea uwezo, hadi ipimwe tena mwakani. Mfadhili anayetaka nidhamu aige hapo.

Semina ya siku tatu hotelini ni kujengewa uwezo?

Ni posho.

Mfadhili wetu anafunga mwaka Desemba, sisi Juni. Tumwandikie ripoti mbili?

Moja, ya kwenu. Mpeni kalenda ya bajeti kabla hajasaini. Akikaidi, mkumbusheni Azimio la Paris la 2005, ambamo nchi wafadhili ziliahidi kutumia mifumo ya nchi inayopokea msaada pale inapowezekana.

Kuna bwana anasema anajuana na wafadhili. Anataka kijiji kimchangie laki tano aandike andiko la mradi.

Kishoka huyo. Jina lake lipelekeni TAKUKURU.

Mimi niko Kilifi, Kenya. Kwa nini misaada huchelewa kufika kaunti?

Kwa sababu haimo katika ule mgao wenu wa kikatiba usiopungua asilimia 15. Huja kama mgao wa ziada, wenye masharti, na unahitaji sheria yake. Seneti na Bunge la Kitaifa wakivutana, fedha inakaa Nairobi na mwaka unakatika. Kaunti isikope wala kuajiri kwa kutegemea tangazo la mfadhili.

Nani hasa anapaswa kuwaratibu wafadhili?

Halmashauri. Wafadhili wana vikao vyao, na tangu 2006 wana hata mtandao wao wa kimataifa wa ugatuaji, DeLoG. Wakutane. Lakini kikao cha mabalozi hakiwezi kujua kwamba kata hii ina visima vitatu na ile ya jirani haina hata kimoja. Anayejua ni afisa mipango, na mezani kwake sharti iwepo orodha moja: mfadhili gani, yuko kata gani, ameleta shilingi ngapi, anaondoka lini. Halmashauri isiyo na orodha hiyo isilalamike wafadhili wakigongana kata moja.

Na safu ya "anaondoka lini" isiachwe wazi. USAID ilipofungwa mwaka 2025, walioiacha wazi walijaziwa na wengine.