Tone Moja Jichoni: Namna ya Kuwakinga Kuku wa Mtinko na Mdondo

Kuku wa kienyeji wa Singida wana jina hadi Dar es Salaam, na hapa Mtinko ndio wanaolipa sare za shule, chumvi na nauli ya kwenda hospitali. Kinachowamaliza ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Dawa ya kuutibu haipo. Chanjo ipo, na imetokana na kazi ya vyuo vikuu ambayo wengi wetu hatukuwahi kusimuliwa.

Mdondo ni ugonjwa gani hasa? Unaletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kuku hujikunyata, mabawa hushuka, huhema kwa shida na kuharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuondoka na karibu kuku wote ndani ya siku chache. Shubiri, pilipili na vidonge vya tetrasaiklini havikiui kirusi hiki. Najua wapo wanaoapa kwamba shubiri iliwaponyea kuku wao, lakini mara nyingi hao ni wale wachache ambao wangepona hata bila kupewa kitu.

Chuo kikuu kinaingiaje hapa? Chanjo za zamani zilitaka friji toka kiwandani hadi kwa mfugaji, na vijijini friji ilikuwa ndoto. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichagua aina ya kirusi cha mdondo isiyodhuru kuku na inayovumilia joto, wakaiita I-2. Mbegu yake ilitolewa bila malipo kwa nchi zinazoendelea ili zijitengenezee chanjo zenyewe. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, waliijaribu kwa kuku wa kienyeji. Mmoja wao, P. N. Wambura, alichunguza hata kama inaweza kulishwa kwa mchele uliopakwa mafuta, maana kila mfugaji anajua adha ya kumkimbiza tetea aliyezoea kulala juu ya mti. Njia hiyo inavutia, lakini tone la jichoni ndilo linalokinga vizuri zaidi. Kuchanganya kwenye maji ya kunywa hufuata nyuma yake, kwa kuwa kuku mmoja hunywa sana na mwingine hagusi kabisa.

Chanjo inapatikana wapi? Hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), kwa jina la Temevac. Anza kwa afisa mifugo wa kata yako. Akikosa, uliza kwenye maduka ya dawa za mifugo Singida mjini, au ofisi ya mifugo ya halmashauri ya wilaya. Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi na uangalie kama chupa ilikuwa mahali pa baridi. Iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, iache hapo hapo.

Na gharama? Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 ilipanga kuku wachanjwe bure, ng'ombe kwa shilingi 500, na mbuzi na kondoo kwa shilingi 300. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa afisa mifugo liwe: zamu ya kijiji chetu ni lini? Ukilazimika kununua mwenyewe, hapo ndipo wengi hukwama. Chupa moja ina dozi nyingi, mara nyingi 100 au zaidi, na wewe una kuku 15. Ikishachanganywa na maji haiwekwi akiba ya mwezi ujao. Dawa yake ni kuungana. Tuseme chupa ya dozi 100 inauzwa shilingi 6,000: kila kuku anaangukia shilingi 60. Nyumba saba au nane za kitongoji kimoja zinatosha kuimaliza asubuhi moja. Kushirikiana kuna faida nyingine pia, kwa sababu ukichanja peke yako huku kuku wa jirani wakizurura bila chanjo, vifaranga wako wapya watakuwa hatarini kila siku.

Siku ya kuchanja, usiwafungulie kuku alfajiri. Beba chupa ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi, kivulini. Kuvumilia joto hakumaanishi kuvumilia jua kali. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Kama inataka maji, tumia yaliyochemshwa yakapoa, kwenye chombo cha plastiki, wala yasiwe yametiwa dawa ya kuua vijidudu, maana dawa hiyo itaua na chanjo. Mlaze kuku ubavu, dondosha tone moja kwenye jicho moja, subiri apepese ndipo umwachie. Kifaranga na jogoo hupata tone sawa. Nyama na mayai yanaliwa kama kawaida.

Rudia kila baada ya miezi 3, au fuata ratiba atakayokupa afisa mifugo. Kama kuna mzunguko usiotakiwa kukosa, ni ule wa Juni au Julai, kabla ya miezi mikavu ya Agosti hadi Novemba ambapo mdondo huvuma zaidi. Kinga huchukua kama wiki 2 kujijenga, hivyo kuchanja wakati kuku wameshaanza kufa ni kuchelewa; kuku mgonjwa hachanjwi.

Kuku uliyemnunua mnadani mtenge wiki 2 kabla ya kumchanganya na wengine. Waliokufa wafukie shimo refu au wachome, usiwatupie mbwa. Na tafadhali, ugonjwa ukiingia usikimbilie kuuza waliobaki: mchuuzi atawapakia kwenye tenga moja na wazima, na kufikia jioni mdondo umeshafika kijiji kingine.

Ukitaka kuwauliza watafiti wenyewe, mlango upo. Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati, inayojumuisha Dodoma na Singida, hufanyika Nzuguni, Dodoma, mwanzoni mwa Agosti, na wataalamu hujibu maswali bila malipo. Tasnifu na makala nyingi za SUA zinasomwa bure kwenye tovuti ya maktaba yake, ingawa nyingi ni za Kiingereza. Mwombe kijana aliye sekondari akusaidie. Na mtafiti akija kwako na dodoso, yaani karatasi ya maswali, una haki ya kuona kibali chake, kukataa kujibu, na kumwomba arudishe matokeo kijijini. Wasioombwa mara nyingi hawarudi.

Jioni ya leo, kuku wakishaingia bandani, wahesabu na vifaranga wao. Kesho waombe majirani nao wahesabu wa kwao, kisha mpelekee afisa mifugo jumla ya kitongoji kizima, ili ajue alete chupa ngapi.