Somo la 14: Tela na Mvutaji Wake

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba gurudumu hupunguza msuguano, na kwa hiyo hurahisisha kazi ya kuvuta mzigo. Katika somo hili utajifunza kwamba mzigo unaovutwa hauna budi kulingana na kitu kinachouvuta. Mtu asiyezingatia jambo hili huhatarisha maisha yake na ya wenzake.

Tela ni nini?

Bila shaka umewahi kuona tela. Trekta huvuta tela lililojaa mahindi au pamba. Lori kubwa huvuta tela nyuma yake. Punda na maksai huvuta mkokoteni. Vitu hivi ni vya jamii moja. Vina magurudumu, lakini havina injini. Haviwezi kwenda visipovutwa, na vikisha kwenda, haviwezi kusimama visiposimamishwa.

Liko pia tela la kulala. Katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine, familia nyingi hupenda kupiga kambi wakati wa likizo. Baadhi yao huvuta kwa gari nyumba ndogo yenye magurudumu. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, meza na kabati. Jambo hili si geni. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskoti, Gordon Stables, aliundiwa nyumba ya namna hiyo katika mji wa Bristol, Uingereza. Uzito wake ulikuwa karibu tani 2, nayo ilivutwa na farasi wawili. Miaka mingi baadaye, mwaka 1959, Wamarekani walioongozwa na Wally Byam walianza safari ndefu kutoka Cape Town wakiwa na matela ya kulala 41. Walipita Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 wakafika Misri.

Tuseme familia moja ya Uingereza inataka kununua tela lake la kwanza. Wana gari tayari. Je, wachague tela gani? Kabla ya kujibu, fanya majaribio matatu.

Jaribio la 1: Nguvu ya kuvuta

Vifaa: gari la kuchezea lenye magurudumu manne, mawe manane yanayolingana, ukanda mwembamba wa mpira, rula, ubao mrefu na vitabu.

Namna ya kufanya: Funga ukanda wa mpira mbele ya gari. Weka mawe mawili ndani ya gari, kisha livute taratibu kwa kushika ukanda. Mwenzako apime urefu wa ukanda wakati gari linapokwenda. Rudia kwa mawe manne, halafu kwa mawe manane. Kisha inua upande mmoja wa ubao kwa kuuwekea vitabu, ulivute gari hilo hilo kupanda juu.

Umeona nini? Mzigo ulipoongezeka, ukanda ulizidi kunyooka. Gari lilipopanda mwinuko, ukanda ulinyooka zaidi, ingawa mawe hayakuongezwa. Ukanda ukinyooka sana, maana yake nguvu inayovuta ni kubwa. Kwa hiyo mvutaji anayeliweza tela barabara ikiwa tambarare huenda akashindwa mlimani.

Mwaka 1947, huko Marekani, mwendesha baiskeli maarufu kutoka Ufaransa, Alfred Letourneur, alivuta tela la kulala kwa baiskeli yake, akapigwa picha. Watu wengi walistaajabu. Sasa wewe unajua sababu: kwenye barabara tambarare na laini, magurudumu mazuri hupunguza sana nguvu inayohitajiwa. Lakini fikiri. Je, baiskeli hiyo ingeweza kulipandisha tela lile katika kilima kirefu? Na je, katika mteremko, breki za baiskeli zingeweza kulizuia?

Jaribio la 2: Nguvu ya kusimamisha

Vifaa: gari lile lile, mawe, ubao, vitabu viwili na boksi dogo tupu.

Namna ya kufanya: Egemeza ubao juu ya vitabu viwili ili uwe mteremko. Weka boksi chini, mahali mteremko unapoishia. Achia gari tupu kutoka juu, liligonge boksi. Pima umbali ambao boksi limesukumwa. Rudisha boksi mahali pake. Sasa tia mawe manne ndani ya gari, uliachie kutoka pale pale ulipoliachia kwanza.

Umeona nini? Gari lenye mawe lilisukuma boksi mbali zaidi. Kitu kizito kikiwa katika mwendo hakikubali upesi kusimama. Ndivyo lilivyo tela. Dereva anapofunga breki, tela huendelea kusukuma gari kutoka nyuma. Tela likiwa zito kupita kiasi, huweza kulisukuma gari nje ya barabara.

Mwendo nao ni jambo kubwa. Gari likienda kwa mwendo maradufu, breki zile zile zitahitaji karibu mara nne ya umbali wa kwanza kulisimamisha. Ndiyo sababu katika Uingereza na nchi nyingi za Ulaya tela halina budi kuwa na breki zake lenyewe ikiwa uzito wake unaoruhusiwa, pamoja na mzigo, unazidi kilo 750.

Basi usiulize tu, "Je, gari hili linaweza kulivuta tela lile?" Uliza pia, "Je, linaweza kulisimamisha?"

Jaribio la 3: Mahali pa kuweka mzigo

Vifaa: ubao mwembamba wenye urefu wa sentimita 40 hivi, kipande cha kalamu ya risasi ya mviringo, na mawe matatu.

Namna ya kufanya: Weka kalamu mezani, kisha laza ubao juu yake, kalamu iwe katikati. Kalamu hiyo ni mfano wa ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu mawili ya tela. Ncha moja ya ubao ni mfano wa mkono wa tela, yaani sehemu inayofungwa kwenye gari. Shika ncha hiyo kwa kidole, bila kukaza. Weka mawe yote nyuma, mbali na kidole. Kisha yaweke juu ya kalamu. Mwisho yasogeze mbele kidogo kuelekea kidole chako.

Umeona nini? Mzigo ulipokuwa nyuma, mkono wa tela ulitaka kupanda juu. Ulipokuwa juu ya ekseli, mkono haukupanda wala haukushuka. Uliposogezwa mbele kidogo, mkono ulikigandamiza kidole. Ubao umefanya kazi kama wenzo, na kalamu imekuwa egemeo lake.

Mzigo wa nyuma una hatari mbili. Kwanza, mkono wa tela unapopanda juu, huinua sehemu ya nyuma ya gari, na magurudumu ya nyuma hayakanyagi barabara vizuri. Pili, tela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa samaki, na kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo linavyozidi kuyumba, hata likapinduka pamoja na gari. Likianza kuyumba, dereva hapaswi kukanyaga breki kwa ghafula. Huondoa mguu kwenye mafuta na kushika usukani sawasawa mpaka mwendo upungue.

Mzigo ukiwa mbele mno pia si vizuri, kwa kuwa huligandamiza gari kwa nyuma na kuyapunguzia uzito magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoliongoza. Kwa hiyo vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli, na mbele yake kidogo. Katika Uingereza madereva hushauriwa mkono wa tela ugandamize gari kwa kilo 5 hadi 7 kwa kila kilo 100 za tela lenye mzigo. Katika Marekani hushauriwa kilo 10 hadi 15 kwa kila kilo 100.

Kuchagua tela

Sasa turudi kwa ile familia. Gari lao lina uzito wa kilo 1,400. Kitabu cha gari kinasema kwamba linaweza kuvuta mpaka kilo 1,500. Je, wanunue tela la kilo 1,500? La. Katika Uingereza mtu anayeanza kuvuta tela hushauriwa kwamba tela pamoja na mizigo yake lisizidi kilo 85 kwa kila kilo 100 za uzito wa gari. Piga hesabu:

1,400 × 85 ÷ 100 = 1,190

Kwa hiyo tela lao, likiwa na mizigo, lisizidi kilo 1,190. Wameenda dukani wakaona matela matatu:

Tela A: uzito likiwa tupu, kilo 700, uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kilo 850.
Tela B: uzito likiwa tupu, kilo 850, uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kilo 1,100.
Tela C: uzito likiwa tupu, kilo 1,000, uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kilo 1,300.

Watoto wanalipenda Tela C kwa sababu ni pana. Baba naye anasema, "Kilo 1,000 ni chini ya 1,190. Tela hili linatufaa." Lakini mama anachukua kalamu na kuandika vitu watakavyopakia:

Maji lita 40: kilo 40
Mitungi ya gesi: kilo 30
Hema la kufunga ubavuni: kilo 40
Chakula na vyombo: kilo 50
Matandiko na nguo: kilo 50
Meza na viti: kilo 30
Jumla: kilo 240

Kumbuka kwamba lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Watu wengi husahau kupima maji kwa sababu hutoka bombani bila kubebwa.

Tela C likipakiwa litakuwa na kilo 1,240. Limezidi. Tela A ni jepesi, lakini linaruhusiwa kubeba kilo 150 tu. Kilo 240 zitaumiza ekseli na matairi yake. Tela B likipakiwa litakuwa na kilo 1,090. Halizidi uwezo wake lenyewe, wala halizidi kilo 1,190. Hilo ndilo tela la familia hii. Kama wangelipenda zaidi Tela A, ingewabidi waache nyumbani vitu vya kilo 90.

Jambo moja bado. Mkono wa Tela B utaligandamiza gari kwa kilo 55 hadi 76 hivi. Ni kama kwamba mtu mmoja zaidi amekaa nyuma ya gari. Uzito huo nao huhesabiwa katika mzigo wa gari, pamoja na watu na mabegi.

Waone jinsi baba alivyokosea. Hakukosea hesabu, bali alipima tela tupu, wakati tela litakalosafiri si tupu.

Nyumbani kwetu

Huenda wewe hutanunua tela la kulala. Lakini huenda kesho ukapakia mkokoteni wa punda. Mkokoteni wa magurudumu mawili hufuata kanuni ile ile. Ukirundika magunia nyuma, miti ya mkokoteni hupanda na mikanda humbana punda tumboni. Ukiyarundika mbele, miti humlemea mgongoni na kumchubua. Yapange karibu na ekseli ili punda atumie nguvu zake kuvuta.

Tena, punda hana kitabu cha kusema uwezo wake. Hawezi kukuambia, "Mzigo huu umezidi." Atavuta mpaka aanguke. Kwa hiyo ni juu yako wewe kupima kabla ya kupakia. Katika mteremko mkali punguza mzigo, kwa maana punda ndiye mvutaji, na mara nyingi ndiye breki pia.

Muhtasari

1. Tela halina injini. Huvutwa na kusimamishwa na kitu kingine.
2. Mzigo ukiongezeka, au njia ikipanda, nguvu ya kuvuta huongezeka.
3. Kitu kizito chenye mwendo ni kigumu kusimamisha.
4. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli, na mbele yake kidogo.
5. Pima tela likiwa na mizigo, si likiwa tupu. Mjue kwanza mvutaji, ndipo uchague tela.

Maswali

1. Taja tofauti moja kati ya gari na tela.
2. Kwa nini Letourneur aliweza kuvuta tela kwa baiskeli? Eleza kwa nini dereva mwenye busara hawezi kumwiga.
3. Gari lina uzito wa kilo 1,200. Mtu anayeanza avute tela la uzito gani lisilozidishwa?
4. Tela tupu lina kilo 620. Mizigo ni maji lita 30, na vitu vingine vya kilo 110. Uzito wote ni kilo ngapi? Je, zinazidi kilo 750?
5. Mzigo ukiwekwa nyuma kabisa ya tela, ni hatari gani mbili zinaweza kutokea?
6. Katika Jaribio la 3, egemeo lilikuwa kitu gani?

Kazi ya kufanya

Pamoja na mwalimu wako, nendeni mkatazame mkokoteni au tela lililo karibu na shule likiwa limesimama. Chora picha yake. Onyesha ekseli, mkono wa tela, na mahali mzigo ulipowekwa. Muulize mwenye mkokoteni au dereva anajuaje kwamba mzigo umetosha, kisha uandike jibu lake katika daftari lako. Usipande wala kuning'inia kwenye tela linalokwenda.