Kutulia Mbele za Bwana

Somo la kusomwa: Marko 6:30–46

Mwezi huu na tutazame jambo ambalo wengi hulitamani na wachache hulitengea nafasi, yaani kutulia mbele za Mungu. Someni kwanza sura hiyo ya Marko polepole, hata mara mbili, ndipo mrudi kwenye maelezo haya. Maana neno la Mungu ndilo chakula chenyewe. Maelezo yetu ni kama mkono wa kukiandaa tu.

1. Wanafunzi waliochoka

Mitume wamerudi safarini. Walikuwa wametumwa wawili wawili, nao wamehubiri toba, wametoa pepo, wamewapaka wagonjwa mafuta na kuwaponya. Sasa wanamweleza Bwana yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Tena kati ya habari ya kutumwa kwao na habari ya kurudi kwao, Marko ameweka habari ya kuuawa kwa Yohana Mbatizaji. Basi twaweza kufikiri kwamba furaha na majonzi vilikuwa pamoja mioyoni mwao. Na watu wanaokuja na kwenda ni wengi, hata wanafunzi hawapati nafasi ya kula.

Angalieni Bwana alivyofanya. Hakuwasifu kwa kukosa chakula, wala hakuwaambia wajikaze zaidi kwa kuwa mavuno ni mengi. Aliwaita waende peke yao mahali pasipo watu, wakapumzike kidogo. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, uchovu si dhambi. Bwana aliyeufanya mwili wetu ajua mpaka wake, naye mwenyewe alichoka penye kisima cha Samaria, akaketi (Yohana 4:6). La pili, katika safari ile hawakumwacha nyuma. Yeye alikuwa pamoja nao chomboni. Hili ndilo lipambanualo pumziko la Mkristo na uvivu. Mtu aweza kulala usiku kucha akaamka na mzigo uleule, maana mwili ulilala, lakini moyo ulikesha ukihesabu madeni, magomvi na hofu za kesho. Moyo haupumziki kwa kukosa kazi. Hupumzika kwa kumpata Bwana wake.

Kumbukeni pia nabii Eliya chini ya mretemu (1 Wafalme 19). Alikuwa ameomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea wala kumpa kazi mpya. Kwanza alimwacha alale, akampa mkate na maji. Akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akamwongoza mpaka Horebu, amsikilize katika sauti ndogo iliyotulia, baada ya upepo na tetemeko na moto kupita. Aliye mchoka sana, pengine sala yake ya kwanza ni kula na kulala kwa shukrani. Mungu hadharau sala hiyo.

2. Kwa nini twaukimbia utulivu

Lakini mtu atasema, “Nimejaribu kuketi kimya, nami niliona moyo wangu una fujo kuliko nilipokuwa kazini.” Ndivyo ilivyo, wala si ajabu. Wakati wa masika maji ya mto huwa mekundu kwa udongo. Mama akiyateka hayatii chunguni mara moja, bali huyaacha mtungini yatulie. Hayakorogi, wala hayalazimishi. Huyaacha tu, na udongo hushuka wenyewe. Ndipo aonapo jinsi tope lilivyo jingi chini. Halikuletwa na kule kutulia. Lilikuwamo tangu mtoni, ila mwendo wa maji ulilificha.

Ndivyo ilivyo mioyo yetu. Katika mbio za mchana kinyongo chetu hakionekani, wala woga wetu, wala dhambi tuliyoikataa kuiungama. Tukinyamaza mbele za Mungu, tope laonekana, nasi twaona haya, twainuka kwenda kutafuta shughuli. Ndugu yangu, usiinuke. Hapo ndipo Daktari anapotaka kukushika. Yeye hakukuita upumzike kwa sababu moyo wako ni safi. Aliwaita wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo (Mathayo 11:28). Umwonyeshe tope lako kwa jina lake, ukaisikie habari ya damu iliyomwagika kwa ajili yako. Pumziko letu limejengwa juu ya msamaha, na pasipo msamaha hakuna utulivu, bali kimya tu.

3. Mtoto aliyeachishwa

Katika Zaburi ya 131 Daudi aufananisha moyo wake na mtoto aliyeachishwa kunyonya, akiwa kifuani pa mama yake. Akina mama wasomao somo hili wanaifahamu siri yake kuliko sisi wachungaji. Mtoto anyonyaye akiwekwa kifuani hatulii. Hugeuka huku na huku akitafuta maziwa. Asipoyapata, hulia. Lakini aliyekwisha kuachishwa huja kwa mama yake kwa sababu nyingine. Hatafuti kitu mkononi mwake. Yeye mwenyewe amtosha.

Tena mnajua ya kuwa siku za kuachishwa ni siku za kilio. Mtoto hudhani mama hampendi tena. Kumbe mama anamfundisha kula chakula kigumu, naye hakumwondoa mapajani pake. Vivyo hivyo Mungu akimnyima mtu alichozoea kumwomba, mtu huyo akaketi hata hivyo mbele zake, ndiyo mwanzo wa pumziko. Wengi wetu twaja kwa Mungu na orodha ya haja, nasi tukiimaliza twasema Amina na kuondoka. Haja si vibaya kuzitaja. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate. Lakini baada ya haja, kaa kidogo.

4. Luther na kinyozi

Mwaka 1535 Martin Luther aliandika kijitabu juu ya njia nyepesi ya kuomba. Hakuwaandikia wataalamu, bali rafiki yake Peter, kinyozi wa mji wa Wittenberg, aliyemwuliza jinsi ya kuomba. Luther alimweleza kama mtu wa nyumbani. Alipouona moyo wake umepoa kwa shughuli, alichukua Zaburi zake, akaingia chumbani, au kama wakati uliruhusu, kanisani. Akazitamka Amri Kumi na Imani kama afanyavyo mtoto, mpaka moyo upate moto. Alimshauri kufanya sala kuwa kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, akamwonya juu ya wazo lile lisemalo tusubiri kidogo, nimalize hili kwanza. Maana hilo huzaa jingine, na siku nzima hupotea.

Tena alimtolea mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mwema huuangalia wembe na nywele. Akitazama huku na huku na kuzungumza sana, aweza kumkata mtu pua au koo. Basi ikiwa wembe wataka moyo wote, si zaidi sana sala?

Njia yenyewe ni hii. Twaa neno moja, kama amri moja, ulisokote kwa nyuzi nne. Kwanza, Mungu anifundisha nini hapa? Pili, nimshukuru kwa lipi? Tatu, niungame nini? Nne, niombe nini? Na ikiwa katikati ya hayo Roho Mtakatifu akuletea wazo jema, liache lile jingine, unyamaze, umsikilize. Usimalize maneno yako kwa kumkatiza Mungu.

Lakini habari ya Peter haikuishia hapo, nasi tusiifiche. Mwaka huohuo, wakati wa Pasaka, alipokuwa amelewa, alimchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, naye akafa. Luther na wengine walimwombea kwa watawala, akaponea hukumu ya kifo. Lakini alifukuzwa mjini akapoteza mali yake. Basi mtu aliyeandikiwa somo zuri kama lile aliangukia shimo la kutisha namna hii! Hatuambiwi haya ili tumhukumu, bali tujue ya kuwa kuwa na kitabu cha sala si kusali, na kuijua njia si kufika. Wala saa ya utulivu isigeuzwe kuwa sheria mpya, ya kumfanya mtu ajisifu mbele ya jirani yake. Aliyesimama na aangalie asianguke. Na aliyeanguka ajue kwamba yuko Mwombezi mkuu kuliko Luther, asiyemwacha.

5. Mkutano ukitutangulia

Turudi kwa Marko. Wanafunzi walipofika ng’ambo, watu walikuwa wamekwisha kuwatangulia kwa miguu. Pumziko lao lilikatizwa! Bwana hakukasirika. Aliwahurumia, akawafundisha mengi, akawalisha. Kwa hiyo mtu asiseme kwa mgonjwa abishaye hodi, “Nenda zako, niko katika sala.” Utulivu usiozaa huruma haukutoka kwa Yesu.

Walakini someni mpaka mstari wa 46. Kazi ilipokwisha, Bwana aliwaaga makutano, akapanda mlimani kuomba. Saa iliyokatizwa mchana aliitafuta tena usiku. Sisi twafanya nusu tu ya mfano huo: twakatizwa, lakini haturudi. Tena katika Marko 1:35–38, alipotoka alfajiri kuomba, Simoni alimfuata na kumwambia kuwa watu wote wanamtafuta. Naye akajibu kwamba yampasa kwenda miji mingine. Katika faragha alipata nguvu ya kutumika, na pia nguvu ya kutotawaliwa na kila mwito.

6. Neno kwa walimu na wazee wa usharika

Huko Kilimanjaro watu walichimba mifereji tangu zamani, kuleta maji ya mlimani mpaka migombani. Majani yakiziba pale maji yaingiapo, mfereji huonekana mzima kwa macho, lakini mashamba ya chini yanakauka. Mwalimu wa dini ni kama mfereji huo. Aweza kuongoza ibada, kuzika, kupatanisha na kufundisha vipaimara, huku juu pameziba. Yeye mwenyewe halijui mapema. Wa kwanza kulijua ni watu wa chini, waliokuja Jumapili na kiu wakarudi na kiu. Basi saa yako ya faragha si anasa unayowanyang’anya washarika. Ni haki yao.

Nanyi msemao kwamba nyumba ina watoto wengi na hakuna chumba, kumbukeni ya kuwa Isaka alitafakari kondeni wakati wa jioni (Mwanzo 24:63), na Petro aliomba juu ya dari (Matendo 10:9). Njia ya kwenda shambani yatosha, na kivuli cha mti, na dakika chache kabla ya kuwasha moto. Anza na kidogo ukidumu nacho, maana haba na haba hujaza kibaba. Na jioni fanya kama Katekisimo Ndogo ituagizavyo: jikabidhi kwa Baba, kisha ulale mara moja kwa furaha. Yeye akulindaye hasinzii.

Maswali ya kufikiri nyumbani na katika mikutano

1. Ni jambo gani hasa linalokuzuia kutulia: kazi, au hofu ya kuliona tope?
2. Ni lini mara ya mwisho ulikaa mbele za Mungu bila kumwomba kitu?
3. Chagua amri moja, uisokote kwa nyuzi nne. Umefundishwa nini?
4. Usharika wetu waweza kumsaidiaje mwalimu apate siku ya kupumzika?

Sala

Bwana Yesu, uliyewaita wanafunzi wako waliochoka, utuite na sisi. Utulize mioyo yetu, usafishe yaliyo chini, utushibishe kwa neno lako. Nasi tukiisha kupumzika kwako, ututume tena kwa wenye njaa. Amina.