SOMO: KUOSHA KUTA ZA ZAMANI

Tuliwahi kuosha ukuta wa mawe wa kanisa la zamani kwa mashine ya kuoshea magari. Ukungu ulitoka, na chokaa iliyoshika mawe nayo ikatoka. Shinikizo la maji ya mashine hiyo laweza kufikia mara 50 ya upepo wa tairi la gari dogo. Linafaa sakafu ya zege, si chokaa.

Sasa tunafanya hivi:

1. Tunasugua kwa maji na brashi laini, si ya waya.
2. Tunauacha ukuta ukauke.
3. Tunaziba mapengo kwa chokaa na mchanga. Saruji hufungia unyevu ndani, na mawe humomonyoka.

Swali la kujadili: Unyevu unaoleta ukungu ukutani kwenu unatoka wapi? Tuanzie hapo.