Silabi za Kiswahili na Upana wa Safu katika Kurasa za Tovuti

Makala haya yanajadili uhusiano uliopo baina ya muundo wa neno la Kiswahili na mpangilio wa safu katika tovuti. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza mbinu ya kurasa zinazojirekebisha kulingana na upana wa skrini. Leo, kwa programu za kuburuta vipengele, hata asiyejua lugha za kompyuta hupanga safu tatu zinazogeuka moja kwenye simu.

Hata hivyo, safu inayotosha Kiingereza huenda isitoshe Kiswahili, ambacho ni lugha ambishi bainishi. Kitenzi *watakapotuandikia* kina herufi 17 zisizo na nafasi. Kikibaki kizima hutokeza nje ya safu nyembamba. Kikikatwa kwa kanuni za Kiingereza, silabi huvunjika. Majina ya wilaya za Mkoa wa Dodoma yanadhihirisha jambo hili: *Kondoa* ni *Ko-ndo-a*, si *Kon-do-a*, *Kongwa* ni *Ko-ngwa*, si *Kong-wa*. *Mpwapwa* ina silabi tatu, lakini *M* haifai kuachwa peke yake mwishoni mwa mstari.

Inapendekezwa, basi, kwamba mpangaji:
(a) autambulishe ukurasa kuwa wa Kiswahili;
(b) apime safu kwa vitenzi virefu vya Kiswahili;
(c) apunguze safu mara neno linapobanwa.

Bila hayo, mwanafunzi anayesomea kwenye simu atazoea migawanyo ambayo fonolojia ya lugha yake haiikubali.